Sonona Huuma: Dalili za Mwilini Ambazo Vipimo Havizioni

Maneno yanayosikika zaidi katika chumba cha daktari Afrika Mashariki hayana huzuni ndani yake. Kichwa kinagonga. Mwili wote unauma, lakini ukiniuliza hasa wapi, sijui. Usingizi umenikimbia. Miguu inawaka moto usiku. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa tu. Chakula hakina ladha. Mwenye malalamiko haya hupimwa malaria, taifodi, presha, sukari na mkojo. Majibu yakirudi safi, huandikiwa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Wiki tatu baadaye yuko tena kwenye foleni, na safari hii tumbo nalo limeanza. Si kila mtu wa namna hii ana sonona. Lakini wapo wengi walio nayo, wasiojua kwamba wanayo, na aliyewahudumia naye hajui.

Watu wakisikia kwamba sonona inaweza kumfikisha mtu kwa daktari akilalamikia mgongo, wengi huelewa kwamba mgongo ule hauumi kweli. Kwamba mgonjwa anajificha nyuma yake, au akili yake inamdanganya. Ninapinga uelewa huo kwa nguvu zote, kwa sababu ndio unaowafanya wagonjwa waondoke hospitalini wakiwa wamedharauliwa. Maumivu yale ni ya kweli. Hayajaja kuificha sonona. Ni sehemu ya sonona yenyewe, kama homa ilivyo sehemu ya malaria. Na kama ugonjwa huu unatupita mbele ya macho, kasoro iko katika namna tunavyouliza kuliko katika namna wagonjwa wanavyoeleza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao milioni 280 duniani wanaishi na sonona, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani, ambao umeenea katika vyuo vyetu pia, unataja dalili tisa. Mtu akiwa na tano kati ya hizo kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na mojawapo ikiwa ama huzuni ama kupoteza raha katika mambo aliyoyapenda, anahesabiwa kuwa na sonona. Tukizipanga zile tisa, nne ni za mwili waziwazi: usingizi kuharibika, hamu ya kula au uzito kubadilika, nguvu kuisha, na mwendo wa mwili kuwa mzito au kuwa wa kuhangaika. Kwa hiyo hata kwa kitabu chenyewe, karibu nusu ya ugonjwa huu ni mambo ambayo jirani anaweza kuyaona bila kuambiwa mtu anawaza nini.

Cha ajabu ni kwamba maumivu hayamo katika orodha hiyo. Kichwa, mgongo, viungo, kifua, tumbo: malalamiko yanayowaleta watu hospitalini kila siku hayakuhesabiwa miongoni mwa dalili tisa. Daktari aliyeikariri orodha bila kukaa na wagonjwa anaweza kabisa kumsikiliza mtu anayeumwa kichwa kwa miezi minne asifikirie sonona hata mara moja.

Usingizi ndio unaostahili kuulizwa kwanza, kwa sababu kila mtu hukubali kuuzungumzia na hakuna anayeuonea haya. Mwenye wasiwasi mara nyingi hushindwa kuupata usingizi. Anajigeuza kitandani mpaka usiku wa manane. Mwenye sonona, hasa iliyokomaa, mara nyingi huupata mapema halafu ukakatika saa tisa au saa kumi usiku, na hapo hauji tena. Saa hizo ndizo mbaya kuliko zote. Wengi husimulia kwamba asubuhi ndipo mwili unapokuwa mzito zaidi, kiasi kwamba kunawa uso ni kazi, kisha mzigo unapungua kidogo kidogo kuelekea jioni. Mpangilio huo, wa alfajiri kuwa mbaya na jioni afadhali, ni alama ambayo madaktari wameifahamu kwa vizazi. Wataalamu waliopima mawimbi ya ubongo ya watu waliolala wameona pia kwamba kwa wenye sonona usingizi wa ndoto hufika mapema kuliko kawaida, na ule usingizi mzito unaorudisha nguvu hupungua. Ndiyo maana mtu anaweza kulala kwa muda wa saa nane akaamka amechoka. Wapo pia wanaokwenda kinyume, hasa vijana: wanalala mchana kutwa, wanakula kupita kiasi na kunenepa, na jamaa zao hudhani ni uvivu.

Uchovu wa sonona nao si ule wa mtu aliyetoka shambani. Aliyelima akipumzika anapata nafuu. Huyu hupumzika na hapati. Ndoo aliyokuwa akiibeba miaka yote inamshinda. Anaanza kufua na kuiacha nguo ndani ya beseni. Mwendo unapungua, sauti inashuka, jibu linachelewa kiasi kwamba muulizaji hudhani hakusikika. Kwa mzee, hali hii hufanana sana na kusahau kwa uzeeni, na wapo wazee wanaoachwa bila tiba kwa kuaminika kwamba ni umri tu.

Hamu ya chakula, tumbo kujaa gesi, kiungulia, choo kigumu, hamu ya tendo la ndoa kutoweka, hedhi kuvurugika: haya hutajwa kwa haraka au hayatajwi kabisa, na la tendo la ndoa huvunja nyumba kabla halijafika kwa daktari. Watoto nao husema zaidi kwa tumbo. Mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kupona ikifika saa nne anahitaji kuulizwa kuna nini shuleni, na kuna nini nyumbani, badala ya kupewa dawa ya minyoo kwa mara ya tatu.

Kwa nini ugonjwa tunaouita wa akili uume mgongoni? Jibu halihitaji fumbo lolote. Ubongo haupokei maumivu tu, huyadhibiti pia. Kutoka sehemu ya chini ya ubongo kuna njia za neva zinazoshuka mpaka kwenye uti wa mgongo, na kazi yake ni kupunguza makali ya taarifa za maumivu zinazopanda kutoka mwilini. Kila dakika viungo vyetu hutuma taarifa ndogo ndogo za misuli iliyokaza, utumbo unaosukuma chakula, kiungo kilichoelemewa, na nyingi hatuzisikii kwa sababu zimezimwa njiani. Kemikali mbili zinazotumika katika kazi hiyo ni serotonini na noradrenalini, zile zile zinazohusika na hali ya moyo na usingizi, na zile zile ambazo dawa nyingi za sonona huzilenga. Kazi hiyo ikilegea, kilichokuwa hakisikiki kinasikika, na kilichokuwa kidogo kinakuwa kikubwa. Mgonjwa hajabuni kitu.

Halafu kuna mfumo wa mwili wa kukabiliana na hatari. Ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni ya kortisoli, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, mmeng'enyo unapungua. Hatari ikipita, mfumo hutulia. Kwa wagonjwa wengi wa sonona, hasa walio na hali kali, hautulii ipasavyo. Kortisoli hubaki juu hata saa ambazo ilipaswa kushuka. Shingo na mabega vinavyouma, moyo unaodunda mtu akiwa amekaa, na usingizi unaokatika usiku vinaelezeka vizuri zaidi ukiujua mfumo huu.

Na kuna kinga ya mwili. Kila aliyewahi kuugua homa kali anajua jinsi mtu anavyokuwa: hataki chakula, hataki watu, mwili unauma, anataka kulala gizani. Hali hiyo huletwa na kemikali ambazo kinga yenyewe huzimwaga ili mwili utulie upambane. Ushahidi mzito kwamba kemikali hizo zinaweza kuleta sonona kamili ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Kwa miaka mingi walitibiwa kwa sindano za intaferoni, ambayo ni mojawapo ya kemikali za kinga. Wagonjwa wengi, kiasi cha robo au zaidi, walipata sonona wakiwa katika tiba hiyo, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kuwa nayo kabla. Dawa iliyoingia mwilini kwa sindano ilileta kukata tamaa. Baada ya kujua hilo, sioni tena sababu ya kuendelea kuuliza kama tatizo ni la mwili au la akili.

Swali jingine limelichosha bara hili kwa muda mrefu, nalo ni kama Waafrika wanapata sonona kweli. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na sababu aliitafuta katika maumbile ya ubongo na katika utamaduni, akimchora Mwafrika kama mtu asiyejitwika lawama wala kubeba wajibu kama Mzungu. Maneno hayo yalikuwa na uzito wa serikali nyuma yake. Ndiye Carothers huyo huyo aliyeandikia utawala wa kikoloni uchambuzi wa kisaikolojia kuhusu Mau Mau. Tazama alikokuwa amesimama. Aliwaona waliofikishwa Mathari, na waliofikishwa Mathari ni wale waliokuwa wakifanya fujo barabarani au waliopelekwa na polisi. Mama anayeumwa mgongo na kuamka saa tisa ya usiku hapelekwi na polisi popote.

Waliotoka hospitalini wakaenda vijijini waliona mambo tofauti. Margaret Field, aliyekuwa mwanaanthropolojia na daktari pia, aliandika mwaka 1960 juu ya watu wa vijijini Ghana waliokuwa wakienda kwenye madhabahu ya waganga. Miongoni mwao aliwakuta wanawake wengi wenye sonona nzito, waliojishutumu wenyewe kwamba ni wachawi. Lawama ambayo Carothers alisema haipo ilikuwepo, ila haikuwa na sababu ya kwenda Mathari. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakitumia usaili ule ule uliotumiwa London. Sonona ilikuwa imeenea zaidi katika vijiji vile kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa wa Camberwell waliolinganishwa nao.

Nadharia ya zamani ilipoanguka, nyingine ilichukua nafasi yake: sawa, Mwafrika na Mwasia wanapata sonona, lakini wao huisikia mwilini, ilhali Mzungu huisikia moyoni. Inasemwa kwa upole zaidi, na hata sisi wenyewe tumeirithi. Wengi waliinukuu kazi ya Arthur Kleinman huko Hunan, China, mwaka 1980, ambako aliwachunguza wagonjwa 100 waliokuwa wameandikiwa ugonjwa wa udhaifu wa neva, wakilalamika kichwa, kizunguzungu na kukosa nguvu, akaona kwamba 87 kati yao walitimiza masharti ya sonona. Kazi ni nzuri, na Kleinman mwenyewe alieleza kwa kina kwamba katika China iliyokuwa imetoka katika Mapinduzi ya Utamaduni, kusema una huzuni kulikuwa na hatari ya kisiasa, wakati kusema unaumwa kichwa hakukuwa na hatari yoyote. Lakini wasomaji wengi waliacha maelezo hayo, wakabaki na picha ya watu wa Mashariki wasioyajua mambo ya ndani ya mioyo yao.

Picha hiyo ilipimwa mwaka 1999. Gregory Simon na wenzake walichambua takwimu za utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika vituo vya afya vya nchi 14, kutoka Ibadan hadi Manchester, Bangalore hadi Seattle, Shanghai hadi Paris. Wagonjwa 1,146 walikuwa na sonona. Kati yao, asilimia 69 walikuwa wamefika kwa daktari wakitaja dalili za mwili peke yake. Kiwango kilitofautiana kati ya kituo na kituo, kutoka asilimia 45 hadi 95, lakini mgawanyo wa Magharibi na wengineo haukuonekana waziwazi kama ilivyotarajiwa. Kilichotofautisha zaidi ni uhusiano: mahali ambapo mgonjwa hana daktari anayemfahamu na kumrudia, dalili za mwili ndizo zilizotajwa zaidi. Na wagonjwa walipoulizwa moja kwa moja juu ya huzuni, kukata tamaa na kujilaumu, ni asilimia 11 tu walioendelea kukana.

Takwimu hiyo ya asilimia 11 nadhani ndiyo muhimu kuliko zote katika suala hili. Maana yake ni kwamba karibu wagonjwa tisa katika kila kumi wanajua kabisa kwamba mioyo yao imevunjika. Wanaweza kusema. Wamesubiri kuulizwa. Na ukifikiria vituo vyetu, ambako mgonjwa hukutana na daktari mpya kila ziara, akiwa na dakika chache na watu arobaini nyuma yake, mlango uko wazi na jirani anasikia, utaona kwamba kuanza na kichwa ni uamuzi wa busara wa mtu anayeelewa mahali alipo.

Fikiria mazungumzo kama haya, niliyoyatunga kutokana na yale yanayojirudia kila wiki katika vituo vya afya. Mama wa makamo ameketi mbele ya tabibu kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole. Unasumbuliwa na nini?"

"Mwili, baba. Mwili wote. Na kichwa hiki."

Hapa ndipo cheti cha maabara huandikwa kwa kawaida. Tabibu huyu anaandika pia, kwa sababu lazima apime, lakini hajamaliza.

"Usiku unalala vizuri?"

"Nalala saa tatu. Ikifika saa tisa niko macho."

"Ukiwa macho unafanya nini, mama?"

"Nahesabu tu."

"Unahesabu nini?"

"Deni la kikoba. Na mume wangu alivyokwenda. Nahesabu nilipokosea."

"Alifariki lini?"

"Mwaka jana, kabla ya Ramadhani."

"Pole sana mama. Kuna siku unaona heri usingeamka?"

Anautazama mkoba wake. "Zipo. Sijawahi kumwambia mtu."

Maswali sita baada ya salamu na pole, dakika mbili au tatu, na sura nzima ya ugonjwa imebadilika. Wengine huogopa kwamba swali la mwisho litampandikizia mtu wazo la kujiua. Halipandikizi, hilo limechunguzwa mara nyingi, na wagonjwa wengi husikia nafuu mtu anapothubutu kuwauliza.

Ukubwa wa tatizo kwetu unajulikana kwa sehemu. Mwaka 2003 Daktari Ngoma na wenzake walichapisha utafiti wa Dar es Salaam uliolinganisha watu waliokwenda vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona na wasiwasi. Kwa waganga walikuwa asilimia 48. Huko Kenya, Profesa David Ndetei na wenzake walichapisha mwaka 2009 matokeo ya wagonjwa 2,770 katika hospitali na vituo vya ngazi mbalimbali: asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona, hafifu au kali. Waliokuwa wameandikiwa ugonjwa wowote wa akili katika majalada yao walikuwa asilimia 4.1.

Tofauti kati ya 42 na 4.1 ni watu. Ni watu waliopanda daladala au matatu, wakalipia usajili, wakatoa damu, wakarudi na pakiti ya dawa isiyohusika. Wengi huanza mzunguko mrefu: sindano za vitamini, dawa za taifodi kwa kipimo kisichoaminika sana, drip ya kuongeza nguvu, picha ya eksirei, halafu hospitali nyingine kuanzia mwanzo. Dawa za maumivu zenyewe huongeza madhara. Diklofenaki na aibuprofeni zikitumiwa kila siku huchubua tumbo, na mtu aliyeanza na mgongo anaishia na vidonda vya tumbo vya kweli. Hata dawa nyepesi ya kichwa ikimezwa nusu ya siku za mwezi, mwezi baada ya mwezi, huanza yenyewe kuleta kichwa kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watumishi wasio wataalamu wa akili, uliotolewa mwaka 2010, unawakataza waziwazi kutibu hali hizi kwa sindano za vitamini na tiba nyingine zisizofaa. Katazo hilo halijafika kwenye maduka mengi ya dawa.

Ile asilimia 48 ya kwa waganga nayo inahitaji kutazamwa bila dharau. Mganga humwuliza mtu habari za ndoa, ugomvi wa shamba, ndugu wasiosemezana. Anampa muda. Anachosema kuhusu chanzo kinaweza kuwa na madhara makubwa, hasa kinapomtaja jirani kuwa mchawi, na dawa zake nyingine ni hatari. Lakini mgonjwa hakukosea kutafuta mahali ambapo maisha yake yote yanaulizwa.

Sasa upande wa tahadhari, ambao ni mzito vile vile. Daktari anayeliona neno sonona katika kila kichwa kinachouma ataua watu. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo huleta uchovu, kunenepa, choo kigumu na huzuni, picha ileile kabisa. Upungufu wa damu huleta uchovu na moyo kwenda mbio. Kisukari huwasha miguu usiku. Kifua kikuu hupunguza uzito na kuiba hamu ya kula. Kukoma hedhi huvuruga usingizi. Baadhi ya dawa huchangia: steroidi, na efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katika mseto wa kwanza wa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kabla ya dolutegravi kuchukua nafasi, ilijulikana kwa kuleta ndoto mbaya na kuathiri hali ya moyo kwa baadhi ya watumiaji. Mtu wa miaka hamsini na zaidi anayepata maumivu ya kifua au kupungua uzito kwa mara ya kwanza lazima apimwe kikamilifu kabla ya lolote.

Ugumu wenyewe uko pale magonjwa mawili yanapokaa pamoja, na hukaa pamoja mara nyingi. Mwenye kisukari, mwenye VVU, mwenye saratani na aliyepata kiharusi wote wako katika hatari kubwa zaidi ya sonona. Mwaka 1993 Nancy Frasure-Smith na wenzake wa Montreal waliripoti juu ya wagonjwa 222 waliopata shambulio la moyo: waliokuwa na sonona walikuwa na hatari ya kufa katika miezi sita iliyofuata zaidi ya mara nne ya wengine, hata baada ya kuzingatia ukali wa ugonjwa wa moyo. Sonona inaharakisha kifo cha mwili, na hapa pia watu huambiwa tu wajikaze.

Waliotunga madodoso walijaribu kulikwepa tatizo hilo, la dalili moja ya mwili kuweza kutoka kwa sonona au kwa hali nyingine, kwa kuuondoa mwili. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, linalotumika kwa akina mama waliojifungua, liliacha nje uchovu na hamu ya chakula kwa sababu kila mzazi wa mtoto mchanga amechoka. Uamuzi ule una mantiki kwa mama mzazi. Lakini dodoso la aina hiyo likitumiwa bila kufikiri kwa kila mgonjwa, linakuwa halina mahali pa kuandika kile ambacho mgonjwa amekuja nacho. Njia bora zaidi imekuwa kuanza na maneno ya watu wenyewe. Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walitengeneza dodoso la Kiswahili kutokana na namna wakazi wa Dar es Salaam wanavyoeleza dhiki zao. Zimbabwe wanalo la Kishona lenye maswali 14, na humo tumbo kuuma na uchovu vinaulizwa pamoja na kulia na mawazo ya kujiua, bila kutenganishwa.

Dodoso hilo la Zimbabwe ndilo linalotumiwa katika mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, ambako akina bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Ulipopimwa kwa watu 573, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliopata huduma hiyo, na asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Uganda ilikuwa imetangulia: katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha viliwaacha asilimia 6.5 tu wakiwa na sonona, dhidi ya asilimia 54.7 katika vijiji ambavyo havikupata vikundi. Hakuna aliyepigwa picha ya mgongo. Walizungumza, wakasikilizwa, wakapata la kufanya.

Dawa nazo zina nafasi yake, hasa hali ikiwa kali, na hapa kuna kosa linalorudiwa sana. Amitriptilini ni ya bei nafuu na iko karibu kila kituo. Hutolewa miligramu 25 usiku, mgonjwa anapata usingizi, maumivu yanapungua kidogo, na wote wanaridhika. Dozi hiyo inatosha kwa maumivu ya neva, lakini kwa sonona ya mtu mzima kwa kawaida hupandishwa hatua kwa hatua hadi miligramu 100 au 150, chini ya uangalizi, na haifai kwa wenye ugonjwa wa moyo. Ikimezwa nyingi kwa mkupuo huua, kwa hiyo kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua asipewe pakiti za miezi mitatu. Ndugu ashike dawa. Fluoksetini ni salama zaidi kwa upande huo. Zote huchukua wiki kadhaa kabla ya hali ya moyo kubadilika, na katika wiki za mwanzo huongeza dalili za mwili: mdomo kukauka, kichefuchefu, choo kigumu, hamu ya tendo la ndoa kupungua. Mgonjwa asiyeambiwa haya mapema huziacha siku ya tano, akiamini zimemdhuru.

Mara nyingi usingizi na chakula hurudi kabla ya furaha. Familia huona mtu anakula, inashukuru Mungu, na dawa zinaachwa. Eugene Paykel na wenzake wa Cambridge walifuatilia wagonjwa waliokuwa wamepona sonona na kuripoti mwaka 1995 kwamba waliobakiwa na masalia ya dalili, asilimia 76 waliugua tena. Waliopona kabisa, ni asilimia 25. Ndiyo maana miongozo inataka dawa ziendelee kwa miezi sita hadi tisa au zaidi baada ya nafuu, na ndiyo maana katika ziara ya mwisho tabibu anapaswa kumwuliza mama yule kuhusu usingizi, mgongo na nguvu za kubeba ndoo kwa makini yale yale aliyouliza nayo kuhusu huzuni, na kama bado anaamka saa tisa, ziara hiyo isiwe ya mwisho.